Kifungu Kimoja, Mitihani Mingi

Mwalimu aliyetunga habari ya ufahamu kuhusu Dar es Salaam mwaka 2013 angeweza kuandika mambo mawili bila wasiwasi. La kwanza, mkoa una wilaya tatu: Ilala, Temeke na Kinondoni. La pili, Kinondoni ndiyo yenye watu wengi kuliko zote. Sensa ya 2012 ilikuwa upande wake: Kinondoni watu 1,775,049, Temeke 1,368,881, Ilala 1,220,611. Kutunga maswali hapo kulikuwa kazi ya dakika tano.

Kisha Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Wilaya zikawa tano. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2022 ilipotangazwa, Ilala ilikuwa na watu 1,649,912, Temeke 1,346,674, na Kinondoni 982,328, nyuma hata ya Ubungo iliyomegwa ubavuni mwake, yenye watu 1,086,912. Habari ile ya 2013, kama bado imehifadhiwa kwenye kompyuta ya shule pamoja na majibu yake, sasa inamtega mtoto wa Bunju au Mabwepande anayelijua jiji lake. Anatakiwa achague kati ya anachokijua na anachokisoma. Akijibu kwa anachokijua, mashine inamkosesha. Akijibu kwa anachokisoma, anapata alama na kuondoka na uongo kichwani.

Vifungu vya namna hiyo ni vingi, na si kwa sababu walimu ni wazembe. Vilitungwa kwa mtihani mmoja, wa wiki moja, wa darasa moja. Vilipochapwa steshenari, vikatolewa kopi na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, kazi yao ilikwisha. Hakuna aliyetarajia kwamba siku moja vingehifadhiwa, vikatumwa kwenye simu za wazazi, vikanakiliwa na shule ya jirani na kuulizwa tena miaka kumi baadaye.

Siku hiyo ilifika kwa ghafla. Shule zote nchini zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na za msingi zikabaki zimefungwa hadi mwishoni mwa Juni, makundi ya WhatsApp ya wazazi yaligeuka madaftari. Walimu wa Mbagala, Tandale, Tegeta na Chamazi walipiga picha mitihani ya zamani, wakaituma, na watoto wakajibu. Shule zilipofunguliwa, tabia hiyo haikuondoka. Jaribio la wiki likawa fomu ya mtandaoni. Mazoezi ya kujiandaa na mtihani wa utimilifu yakawa kiungo kinachobofywa. Na kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni, jaribio hilo kwa kawaida hufanywa nyumbani, jioni, kwenye simu ya mama au baba aliyerudi kutoka kazini, kioo kikiwa na upana wa vidole vinne.

Katika mazingira hayo, kifungu kizuri cha habari ni mali. Swali la sarufi hutungwa kwa dakika chache. Kifungu cha maneno sabini au mia mbili, kinachosomeka vizuri, chenye jambo la kufikirisha na kinachomfaa mtoto wa darasa la tano, kinaweza kula mchana mzima wa Jumamosi. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, na shule za Mbagala zinaijua hali hiyo kwa miaka mingi, hana Jumamosi za kutosha. Ni haki kabisa kifungu chake kitumike mara nyingi. Shida ni kwamba wengi hukitumia tena jinsi kilivyo, pamoja na maswali yaleyale na mpangilio uleule wa herufi, na watoto wa mwaka unaofuata wanayapata majibu kutoka kwa dada zao kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Kinachopaswa kurudi ni kifungu. Maswali yake yabadilike.

Tuchukue kifungu kimoja na kukitazama kwa karibu.

"Bi Mwajuma huuza samaki wa kukaanga karibu na kituo cha daladala. Kila alfajiri hununua samaki Feri, akawapakia kwenye ndoo yenye barafu na kurudi nao nyumbani. Siku moja mvua kubwa ilinyesha na barabara ikafungwa. Alipofika nyumbani, jua lilikuwa juu na barafu yote ilikuwa imeyeyuka. Alikagua samaki mmoja mmoja, akatupa nusu yao. Waliobaki aliwakaanga haraka na kuwauza kwa bei ileile ya kila siku. Jioni alihesabu fedha zake mara mbili, kisha akamwambia mwanawe, 'Kesho tutakula maharage.'"

Habari hii haina mwaka. Haina jina la waziri, wala nauli ya daladala, wala bei ya samaki kwa shilingi. Ina bei "ileile ya kila siku", na hiyo haitapanda hata kama soko litapanda. Kituo cha daladala hakijatajwa jina, kwa hiyo kikihamishwa kupisha barabara ya mabasi ya mwendokasi, habari haitikisiki. Neno moja tu linaifunga Dar es Salaam, nalo ni Feri. Mtoto wa Temeke hahitaji kuelezwa Feri ni wapi. Mtoto wa Dodoma au Tabora anaweza kudhani ni jina la mtu au la duka. Mwalimu anayetaka kifungu kivuke mipaka ya mkoa ataandika "soko la samaki la ufukweni" na kuendelea. Anayekitumia Kurasini na Mtoni peke yake aliache, maana jina linalojulikana humpa mtoto pa kushika.

Sasa maswali. Swali linalomjia kila mtu kwanza ni hili: kwa nini Bi Mwajuma aliweka barafu kwenye ndoo? Ni swali baya. Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa sokoni anajua kwamba barafu huzuia samaki wasioze. Atapata alama bila kusoma chochote, na mwalimu atadhani amepima ufahamu. Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Jaap Tuinman alichukua mitihani mitano mikubwa ya kusoma iliyokuwa ikitumika Marekani na kuwapa wanafunzi maswali yake huku vifungu vyenyewe vimeondolewa. Walipata mengi zaidi ya ambayo mtu angepata kwa kubahatisha. Njia yake bado ndiyo bora na haina gharama: mpe mtoto wa jirani maswali bila habari. Lile analolipata halipimi usomaji wake.

Swali lenye uzito limo kwenye sentensi ya mwisho. Kwa nini Bi Mwajuma alisema kesho watakula maharage? Habari haisemi. Msomaji anatakiwa aunganishe nusu iliyotupwa, bei isiyopanda na fedha zilizohesabiwa mara mbili, ndipo aone kwamba mama huyu amepata hasara. Hapo panahitaji vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi yanayomvuta asiyeelewa. "Mwanawe anapenda maharage" humvuta mtoto aliyesoma mstari wa mwisho pekee. "Siku iliyofuata soko lingefungwa" humvuta aliyekumbuka barabara iliyofungwa na kuchanganya. "Samaki wote walikuwa wameoza" humvuta aliyesoma haraka na kuruka neno nusu. Kila kipotoshi kina sababu ya kuwepo, na mtoto anapokichagua anamwambia mwalimu alipokosea. Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likifanya hivyo hadharani kwa miaka: taarifa zake za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa huchukua swali baada ya swali, kipotoshi baada ya kipotoshi, na kueleza kilichowavuta waliokosa. Mwalimu wa Kiswahili asiyezisoma anajinyima shule ya bure ya kutunga maswali.

Jibu sahihi nalo liandikwe kwa urefu wa wenzake. Watoto hujifunza mapema kwamba mtunzi anayejihami hurefusha jibu la kweli, na huchagua lililo refu zaidi bila kusoma.

Kutoka kwenye kifungu hichohicho yanaweza kutungwa maswali kumi na tano: ya kutafuta kilichoandikwa, ya kukisia kisichoandikwa, ya maana ya neno, ya kupanga matukio kama zilivyo sentensi za sehemu ya utungaji, ya kuchagua kichwa kinachofaa. Mtu anashawishika kuyatupa yote kwenye benki moja na kuiachia programu ichote matano kwa kubahatisha kila jaribio. Hapo pana mtego. Swali moja likisema, "Baada ya kutupa nusu ya samaki, Bi Mwajuma alifanya nini?" na jingine likiuliza, "Bi Mwajuma alitupa kiasi gani cha samaki?", la kwanza limeshalijibu la pili. Yakitokea pamoja, alama moja imegawiwa bure. Wamarekani Howard Wainer na Gerard Kiely walishughulikia udhia wa aina hii mwaka 1987, walipopendekeza kwamba maswali ya kifungu kimoja yachukuliwe kuwa furushi moja, litungwe pamoja, lijaribiwe pamoja na lihesabiwe pamoja. Kwa mwalimu wa Keko, maana yake kivitendo ni kugawa maswali kumi na tano katika seti tatu za matano, kila seti ikiwa imepangwa na mtu aliyeyasoma yote. Seti A mwaka huu, seti B mwaka ujao, seti C kwa mtoto aliyeugua siku ya jaribio.

Utaratibu wa seti si mgeni Afrika Mashariki. Uwezo, tathmini ya kujifunza iliyoanza Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2010, iliwafuata watoto majumbani na kuwapima wa umri wa shule kwa kiwango cha darasa la pili. Msaidizi aliyeingia nyumba yenye watoto wanne hakuweza kumsomesha wa nne habari ileile ambayo watatu wameshaisoma kwa sauti mbele yake. Ilibidi ziwepo seti kadhaa zenye aya na hadithi tofauti, zilizopimwa ili zilingane kwa ugumu.

Kulinganisha ugumu ndiko kunakowashinda wengi, hasa wanaotumia programu za kukadiria usomekaji zilizotungwa kwa Kiingereza. Kanuni maarufu ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948 huhesabu silabi kwa kila neno na maneno kwa kila sentensi. Kwa Kiswahili haifai kitu. "Akawapakia" ni neno moja lenye silabi sita, na mtoto wa darasa la kwanza analielewa. Kanuni ingelihukumu kuwa la chuo kikuu. Hata kuhesabu maneno kunapotosha, kwa sababu kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Kwa hiyo kifungu cha maneno sitini cha Kiswahili ni mzigo tofauti na cha maneno sitini cha Kiingereza, jambo linalopaswa kukumbukwa na kila anayesoma tathmini ya stadi za awali za kusoma, ile inayojulikana kwa kifupi EGRA, iliyofanyika nchini mwaka 2013 kwa lugha zote mbili. Kipimo cha kuaminika ni watoto wenyewe: wasome watano wa viwango tofauti, mwalimu asikilize wanakwama wapi.

Tunafika kwenye mashine, ambako kazi nzuri huharibika kwa mambo madogo.

Programu za mitihani ya mtandaoni zilijengwa kwa kufikiria swali moja moja. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002, ndiyo inayotumiwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni na wanafunzi katika kila pembe ya nchi. Ndani ya Moodle kifungu cha habari huwekwa kama "maelezo", kitu kisicho na alama kinachokaa kati ya maswali. Mtunzi akiruhusu maswali yachanganywe, maelezo nayo yanaweza kuchanganywa: mtoto anakutana na swali la Bi Mwajuma ukurasa wa kwanza na Bi Mwajuma mwenyewe ukurasa wa nne. Mtunzi akichota maswali kwa kubahatisha kutoka kwenye fungu, kifungu hakifuatani nayo.

Wengi hukwepa kwa kubandika habari nzima ndani ya kila swali. Inafanya kazi siku ya kwanza. Siku ya pili mtu anagundua kosa la tahajia katika mstari wa tatu, na analazimika kulisahihisha mara kumi na tano. Akisahau mbili, kuna vifungu viwili tofauti kwenye benki moja na hakuna anayejua kipi ndicho halisi. Njia safi zaidi kwa Moodle ni kutenga sehemu ya jaribio kwa ajili ya kifungu kimoja, kukiweka juu, maswali ya seti moja chini yake, na kuzima uchanganyaji kwa sehemu hiyo tu. Viwango vya kimataifa vya kubadilishana maswali, vinavyojulikana kwa kifupi QTI, vimekwisha kulitambua jambo hili: tangu toleo la 2.2 kifungu kinaweza kukaa kwenye faili lake lenyewe na maswali yakakielekea. Anayejenga benki ya shule kwa kutumia faili za kawaida za Word anaweza kuiga wazo hilohilo bila kununua chochote. Kifungu kiwe na faili lake, kiwe na namba yake, na kila seti itaje namba hiyo.

Kuna pia suala la kioo. Kwenye karatasi, macho ya mtoto hupanda na kushuka kati ya habari na swali kwa nusu sekunde. Kwenye simu ya mama anasukuma kwa kidole, anapoteza mstari, anarudi, anakata tamaa na kubahatisha. Habari ya maneno mia tatu inayofaa karatasi humwadhibu mtoto wa simu kwa kosa lisilo lake. Aya fupi husaidia. Swali linalosema "katika aya ya pili" husaidia zaidi. Na habari iliyotumwa kama picha ya ukurasa uliopinda, jambo lililozoeleka mno tangu 2020, haina udhuru: haikuziki vizuri, inakula bando, na haiwezi kusahihishwa.

Ukubwa wa taasisi haumkingi mtu dhidi ya kifungu kibovu. Mwaka 2012 jimbo la New York lilifuta maswali ya kifungu kimoja cha mtihani wa darasa la nane baada ya wanafunzi na wazazi kulalamika kwamba hayajibiki. Kilikuwa kisa cha nanasi lililoshindana mbio na sungura, kilichochukuliwa kutoka kazi ya mwandishi Daniel Pinkwater na kubadilishwa. Kampuni ya Pearson ilikuwa imekitumia kifungu hicho kwa miaka katika majimbo mengine kabla ya hapo. Kifungu kibovu kilizunguka kwa sababu tu kilikuwa kimo kwenye hazina, na kila aliyekichukua aliamini aliyetangulia amekichunguza.

Ndiyo maana rekodi ya kifungu ina thamani sawa na kifungu chenyewe. Nani alikitunga, kimetumika lini, darasa gani, seti ipi, watoto wangapi walipata kila swali, kipi kiliwachanganya. Mistari sita ya jedwali. Darasa nalo liandikwe kwa uangalifu, kwa sababu mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unaelekea kwenye elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba. Kifungu kilichobandikwa "darasa la saba" kitakosa pa kukaa, ilhali kilichoelezwa kwa stadi kinayopima kitapata darasa lolote linalokihitaji.

Asiye na muda wa kutunga anaweza kuanzia kwenye hadithi zilizotolewa kwa leseni huria. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili ambazo ruhusa yake inakubali kunakiliwa na hata kurekebishwa, mradi mtunzi atajwe. Kunyofoa makala ya gazeti na kuisambaza mtandaoni mwaka baada ya mwaka ni jambo jingine, maana Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Lakini hadithi za kuazima hazimtoshi mtoto wa Toangoma au Wazo. Anastahili kuona mitaa yake kwenye mtihani, kisima cha jirani, foleni ya Kilwa Road, mafuriko, mama anayehesabu fedha mara mbili. Kazi hiyo wanaiweza walimu wanaoishi huko, na walimu wa kata moja wakigawana, kila mmoja akitunga vifungu viwili kwa muhula, kata yenye shule sita itakuwa na akiba ya kutosha kabla mwaka haujaisha.

Akiba hiyo ina siku yake. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule kadhaa, za Dar es Salaam zikiwemo, baada ya kubaini udanganyifu, na watoto wakarudia mtihani mwezi huohuo. Mtihani wa kurudia unahitaji habari ambayo hakuna aliyeiona, yenye ugumu unaolingana na ile ya kwanza, na haiwezi kutungwa usiku mmoja. Shule nayo hupatwa na kadhia hiyo kwa kiwango chake, kiungo cha jaribio la utimilifu kinapovuja kwenye kundi la wazazi saa mbili kabla. Kwa hiyo vifungu viwili au vitatu vya kila darasa vifungiwe, visitumwe popote. Na kile kilichokwisha kuvuja hakitupwi: kinahamishiwa upande wa mazoezi, pamoja na seti zake zote tatu na majibu yaliyoelezwa, ili mtoto akisome nyumbani kwa utulivu.